Mita Tatu na Kidogo

Daktari hakusema "punguza".
Alisema "sogea", akaandika kwenye karatasi,
kana kwamba kusogea ni kidonge, kutwa mara mbili.
Nikashuka hadi dukani, theluji ya Timmins magotini,
nikanunua ringi ya kiuno, ya waridi, nyepesi kama ahadi,
yenye shanga ndani zinazochekacheka.
Ilikuwa ya mtoto wa miaka saba.
Sikuona. Niliona bei.

Sebuleni nikaizungusha.
Ikazunguka nusu, ikaanguka.
Nusu, ikaanguka.
Bwana Thibodeau wa chini akagonga dari yake kwa mpini wa fagio,
mara moja kwa kila anguko,
hata sikuwa na haja ya kuhesabu.
Thelathini na moja. Nikaketi.
Odile, nikajiambia, kiuno hiki kimebeba watoto watatu,
kimebeba magunia ya ngano bekari miaka kumi na tisa,
kinashindwaje na plastiki?

Aurèle wa ghorofa ya tatu alicheka, si kwa ubaya.
Alichimba dhahabu ya wenzake tangu ujana,
na sikio lake la kushoto lilibaki huko chini.
"Hii si ringi," alisema, "hii ni bangili.
Anayeanza hapewi kidogo. Hupewa kikubwa."

Akatoa uzi mfukoni.
"Simama wima. Usivute tumbo,
uzi haudanganyiki."
Kutoka sakafuni hadi kitovuni, na vidole vinne juu.
Akafunga fundo.
Tangu Fernand aondoke, ni kamba ya aproni tu
iliyokijua kipimo changu.
Nilitazama dirishani mpaka akamaliza.

Kwa muuza mabomba tulichagua jeusi, la maji,
nene kama dole gumba lake,
lililojiviringa rafuni tangu mwaka jana,
limekwisha kujifunza duara bila kufundishwa.
"Mita tatu na kidogo," akamwambia kijana wa msumeno,
na kwangu: "Hicho kidogo ndicho wewe."

Jikoni birika likachemka.
Akachovya ncha moja, akahesabu polepole,
ikalainika kama tambi, akaisukumia kiungo.
Ncha ya pili hivyo hivyo.
Zikakutana bila sherehe.
Kisha plasta ya hoki, ya mwanawe asiyecheza tena,
akaizungusha kimshazari, nyeupe juu ya nyeusi,
ikwaruze, ishike nguo.
"Na hiyo blauzi ya hariri," akasema, "iache kabatini."

Nikaingia ndani ya duara.
"Usizungushe kiuno. Sukuma mbele, rudisha nyuma,
kama mtu anayefunga droo kwa tumbo
mikono yake ikiwa imejaa."
Ah, hilo! Hilo nimelifanya bekari
maisha yangu yote, na trei za mikate mikononi.

Ringi kubwa haina haraka.
Ilikwenda nyuma yangu, nikaingoja,
nikapata hata nafasi ya kuvuta pumzi.
Uzito wake ulinipa habari: niko hapa, sasa hapa.
Moja.
Mbili.
Tatu,
na fagio kimya.
Ya nne ikateremka mapajani, magotini,
ikatua kwa kishindo cha bomba.
Fagio likagonga. Mara moja tu.

Asubuhi nyonga ilikuwa na alama ya buluu.
Hilo Aurèle hakulisema.
"Huisha wiki ya pili," ananijibu sasa,
kwa sauti ya mtu aliyesahau makusudi.

Wifi yangu Réjeanne ameiona, anataka yake.
Kitovu chake kiko chini ya changu,
bomba litapungua kama kiganja kimoja.
Aurèle atakuja Jumamosi.
Nimejikuta nikisema, kabla sijaulizwa,
kwamba uzi nitaushika mimi.